Mashini Haikufa: Kabla ya Kufomate Mara ya Pili, Soma Hii



Leo siandiki juu ya kazi tunazotafuta bila kupata. Naandika juu ya jambo dogo ambalo karibu kila mmoja wetu ameshaliona: mashini imetoka kuwekewa sistemu mpya, mwenyewe amelipa, anafika nyumbani, anaiwasha, na ekrani inabaki nyeusi na maneno matatu ya Kiingereza. Watu wanaanza kutoa maoni. Mmoja anasema diski imekufa. Mwingine anasema fundi ni mwongo. Wa tatu, na huyu ndiye wa hatari kuliko wote, anasema: "Fomate tena."

Huyo wa tatu, mwaka 2016, alikuwa mimi.

Nilikuwa mwaka wa mwisho hapa Bukavu, na katika promosyo yetu mimi ndiye niliyehesabiwa kuwa mtu wa kompyuta. Rafiki yangu mmoja akanipatia laptop yake nimwekee Windows mpya. Kazi ilienda vizuri mpaka mwisho. Mashini ikajizima, ikajiwasha, ikaandika kwamba haioni sistemu. Tulikuwa watu watano katika chumba, nikaona haya. Nikarudia kazi yote, ikakataa. Mara ya tatu nikafuta sehemu zote za diski, nikaanza na diski tupu, na ile mara ikawaka. Wenzangu wakafurahi. Kisha mwenye mashini akauliza kwa sauti ya polepole: "Na ile dosiye yangu ya kwenye D iko wapi?"

Ndani ya D mulikuwa majibu ya watu 120 aliowauliza maswali kwa ajili ya TFC yake. Alikuwa ameshayaingiza yote. Makaratasi alikuwa nayo bado, kwa neema ya Mungu, lakini alianza upya usiku kwa usiku, na badala ya kutetea kazi yake sesheni ya kwanza akaitetea sesheni ya pili. Hakunitukana hata siku moja. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Miaka iliyofuata nilijifunza kazi hii vizuri zaidi, na nikafahamu kitu kinachoniuma mpaka leo: ile mashini haikuwa na ugonjwa. Windows ilikuwa imeshaingia vizuri mara ya kwanza. Kilichokosekana ni kubadilisha mstari mmoja tu katika mipangilio. Mimi nilibomoa nyumba kwa sababu sikuona mlango.

MASHINI INAWAKA NAMNA GANI

Ili tuelewane, fikiria parseli kubwa yenye sentineli kwenye lango. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, sentineli anaamka. Kwanza anajiangalia mwenyewe: memori iko, klavye iko, ekrani iko. Halafu anachukua karatasi yake yenye orodha ya milango: gonga kwanza flashi, kama hakuna mtu gonga diski, kisha mtandao. Anayemtafuta ni mtu mmoja mdogo, kipakiaji, ambaye kazi yake ni moja tu: anajua patron analala chumba gani, na anaenda kumwamsha. Patron ndiye Windows au Linux.

Huyo sentineli ni programu iliyokaa ndani ya mashini yenyewe, siyo kwenye diski. Ndiyo maana hata ukitoa diski, mashini bado inaonyesha alama ya kampuni iliyoitengeneza. Na sentineli hao wako wa aina mbili.

Wa zamani anaitwa BIOS. Ametokana na kompyuta za IBM za mwaka 1981. Yeye anaangalia sehemu moja tu: baiti 512 za kwanza kabisa za diski, tuseme chini ya kizingiti. Diski iliyopangwa kwa ajili yake inaitwa MBR.

Wa kisasa anaitwa UEFI. Yeye haangalii kizingiti. Anaingia katika ofisi ndogo ndani ya diski, sehemu ya megabaiti mia moja hivi iliyopangwa kwa FAT32, na humo anasoma faili la kipakiaji. Diski iliyopangwa kwa ajili yake kwa kawaida ni GPT.

Sasa shida iko hapa. Mashini nyingi tunazonunua hapa kwetu, zile zilizokwisha kutumika Ulaya, zina sentineli wote wawili, na katika mipangilio unachagua nani alinde: "UEFI" au "Legacy". Ukiweka Windows wakati UEFI yuko kazini, ufunguo unabaki ofisini. Kesho ukimpa zamu yule wa zamani, ataangalia chini ya kizingiti, hataona kitu, na atakuambia kwa moyo mweupe: nyumba hii haina mtu. Lakini patron analala ndani, na vitu vyako vyote viko salama pembeni yake.

Kumbuka hilo. "Operating System not found" haisemi kwamba sistemu haiko. Inasema kwamba sentineli hakuiona mahali alipoangalia.

MASHINI ILIYOKATAA NYUMBANI TU

Mwaka 2023 mdogo wangu mmoja, mtoto wa mama mkubwa, alinipigia simu akilia. Alikuwa amebakisha siku nne atetee kazi yake.

"Yaya, mashini imekufa tena. Ni mara ya tatu. Ku butiki inawaka muzuri, kufika ku nyumba inakataa. Ule mutu ni mwizi, anataka nilipe kila siku."

Nikamuuliza: "Inaandikaka nini?"

"Inaandikaka 'Operating System not found'. Sasa ananiambia niiache, ataifomate yote, na D pia. Na kazi yangu iko mu D."

Nikamwambia: "Usiiache. Kuya nayo hapa, na usiwashe kitu."

Njiani nilikuwa nawaza. Mashini inayowaka dukani na kukataa nyumbani, siyo mara moja, mara mbili? Windows haijui kama iko dukani ama nyumbani. Kuna kitu kinachotokea kati ya duka na nyumba. Alipofika sikumuuliza juu ya Windows. Nilimuuliza juu ya saa.

"Saa ya mashini inaonyesha tarehe gani?"

Akacheka kidogo ndani ya machozi. "Ile saa inasemaka bongo tangu zamani. Inasema tuko 2011."

"Na batri?"

"Batri ilishakufa. Natumikishaka na chaja tu."

Hapo kila kitu kikaonekana. Ndani ya mashini nyingi kuna batri ndogo ya duara kama pesa ya chuma, mara nyingi ya aina ya CR2032. Kazi yake ni kuhesabu saa na, katika mashini nyingi za umri ule, kuhifadhi pia mipangilio ya sentineli wakati mashini haina umeme. Yake ilikuwa imeisha. Na kwa kuwa batri kubwa nayo ilikuwa imekufa, kila mara alipochomoa chaja mashini ilisahau yote: tarehe, orodha ya milango, na sentineli yupi yuko zamu. Ilirudi kwenye mipangilio ya kiwandani, yaani Legacy.

Yule fundi dukani alikuwa amechagua UEFI, akaweka Windows vizuri, akaizima na kuiwasha mbele ya mteja, ikakubali, kwa sababu chaja ilikuwa haijatoka ukutani. Mdogo wangu akachomoa, akaweka ndani ya mfuko, akapanda taksi. Mashini ikasahau njiani. Fundi hakuwa mwizi. Aliposema "hapa inawaka" alisema kweli, na mdogo wangu aliposema "kwangu haiwake" naye alisema kweli. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenzake swali moja zaidi.

Nilichomeka chaja, nikaingia katika mipangilio, nikarudisha UEFI, nikarekebisha tarehe, nikahifadhi. Dakika mbili. Windows ikafunguka, na D ikawa pale na kazi yake yote. Kitu cha kwanza tulichofanya kabla ya kushangilia ni kunakili kazi kwenye flashi mbili. Kesho yake tukanunua batri ndogo mpya, bei yake haikufika dola tatu, tukaibadilisha. Alitetea siku ile ile iliyopangwa.

Akarudi pia kwa fundi kumwomba msamaha kwa maneno aliyomwambia mbele ya wateja. Nilimwambia hilo nalo ni sehemu ya ukarabati.

SIKILIZA MASHINI INASEMA NINI

Kutokana na hayo mawili, la 2016 na la 2023, mimi sasa niko na utaratibu, na ningependa muubebe.

Kwanza, piga picha ya ekrani na simu. Maneno yale ya Kiingereza ndiyo nusu ya jibu. Yanatofautiana hivi:

Kama hakuna hata alama ya kampuni, hakuna mwanga, hakuna kitu: shida siyo sistemu uliyoweka. Sentineli mwenyewe hajaamka. Chomoa chaja, toa batri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde 30, rudisha chaja peke yake, jaribu. Ikikataa, angalia kama memori imekaa vizuri. Kufomate hapa hakuna maana hata kidogo.

Kama alama inaonekana, halafu "No bootable device" au "Operating System not found": toa kwanza flashi na kila kitu ulichochomeka, maana inawezekana sentineli amegonga mlango wa flashi na kuishia hapo. Kisha ingia katika mipangilio (mara nyingi ni F2, F10, Delete au F1, kulingana na kampuni) na utafute jina la diski. Jina likikosekana, shida ni ya diski yenyewe au waya wake. Jina likiwepo, badilisha UEFI na Legacy, moja kwa nyingine, ujaribu. Andika ulichobadilisha ili uweze kurudi nyuma.

Kama inaandika "grub rescue" au "no such partition": kipakiaji cha Linux kiko, lakini chumba alichokuwa analala patron kimehamishwa. Hii inatokea sana mtu akifuta sehemu ya Linux kutoka ndani ya Windows. Windows yako haijapotea.

Kama ni ekrani ya buluu yenye "INACCESSIBLE BOOT DEVICE": mara nyingi kuna mtu aliyegusa namna diski inavyoongozwa katika mipangilio, ikatoka RAID ikaenda AHCI, au kinyume. Irudishe ilivyokuwa.

Kama inasema sahihi haikubaliki, au inataja "Secure Boot": sentineli amekataa kipakiaji asichokitambua. Hilo linatokea kwa baadhi ya Linux na kwa flashi zilizotengenezwa vibaya. Unaweza kusimamisha Secure Boot kwa muda.

Kama inakuomba ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48: simama hapo hapo. Diski imefungwa kwa siri. Ufunguo mara nyingi uko katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashini. Uutafute kabla ya kugusa kitu kingine, maana ukifomate hapo hakuna fundi atakayekurudishia data.

Pili, toa vitu vyako kabla ya kutengeneza. Tengeneza flashi ya Linux, Ubuntu au Mint, washa mashini kwa flashi hiyo, chagua kujaribu bila kuweka. Utaona diski yako kama dosiye ya kawaida, na utanakili kazi yako kwenye diski ya nje. Ukishafanya hivyo hofu inaisha, na mtu asiye na hofu hafanyi ujinga niliofanya mimi.

Tatu, kama sentineli ni sahihi na bado haioni, basi ofisi ile ndogo imeharibika, na inatengenezwa bila kugusa D wala C. Washa kwa flashi ya Windows, na kwenye ekrani ya kwanza bonyeza Shift na F10 pamoja. Ekrani nyeusi ya amri itafunguka. Andika diskpart, kisha list disk. Ukiona nyota katika safu ya Gpt, diski ni ya UEFI. Andika list volume, tafuta ile sehemu ndogo ya FAT32 iliyo kwenye diski ya mashini, siyo flashi yako. Ichague kwa select volume na namba yake, halafu assign letter=S, halafu exit. Kabla ya kuendelea, hakikisha Windows iko kweli kwenye C kwa kuandika dir C:, maana ukiwa umewasha kwa flashi herufi zinaweza kubadilika. Mwisho:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Amri hiyo inaandika kipakiaji upya. Kwa diski ya zamani ya MBR, amri ya kuanza nayo ni bootrec /fixmbr, ukiwa katika sehemu ya ukarabati ya flashi hiyo hiyo.

Hapa kuna mtego unaotukuta sisi tuliozoea klavye za Kifaransa. Ekrani hiyo mara nyingi inaamini klavye yako ni ya Kiamerika. Ukibonyeza A inaandika Q. Basi shika hivi: A iko kwenye Q, W iko kwenye Z, M iko kwenye alama ya mkato, mkwaju / uko kwenye alama ya mshangao, mkwaju wa nyuma \ uko kwenye nyota iliyo karibu na Enter, na nukta mbili ni Shift pamoja na M. Nimeona mtu anaacha kazi usiku wa manane akidhani amri imekataa, kumbe ni nukta mbili tu alizokosa.

KWA NINI NASEMA SASA

Tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha. Windows 11 nayo inataka, kwa kanuni yake, mashini ya UEFI yenye uwezo wa Secure Boot na TPM 2.0. Mashini nyingi tulizo nazo hazifiki hapo. Kwa hiyo wengi wetu tunabadilisha sistemu, wengine wanaenda Linux, wengine wanalazimisha. Na kila anayebadilisha anapita kwenye lango la yule sentineli.

Kabla ya kutengeneza flashi, kwa programu kama Rufus, uliza: mashini yangu iko UEFI au Legacy? Rufus yenyewe inakuuliza kama unataka GPT au MBR. Ukijibu bila kuangalia, unapanda mbegu ya ekrani nyeusi ya kesho. Na ukipeleka mashini kwa fundi, mwambie mambo matatu: tarehe inasema kweli au bongo, batri inashika au haishiki, na kazi yako iko sehemu gani ya diski. Kabla ya kulipa, mwombe achomoe chaja, asubiri dakika kumi, ndipo aiwashe tena. Fundi mzuri hatakasirika.

Yule rafiki wa 2016 sasa ana kazi yake na watoto wawili. Tunasalimiana vizuri. Mwaka jana alinitumia ujumbe: mashini ya ofisi yao imekataa kuwaka baada ya kuwekewa sistemu. Akaongeza: "Lakini wewe usifomate, nakujua." Nikacheka, kisha nikamjibu kwa swali moja tu: inaandika nini?

Tuko pamoja.